Upinde Ukitetemeka, Usikimbilie Kuongeza Saa za Mazoezi

Nilianza kupiga fidla Nairobi nikiwa na miaka 11. Nilipofika mtihani wa muziki wa daraja la 8, upinde, ule ufito wa kusugulia nyuzi, ukaanza kunitetemekea. Chumbani ulitulia, mbele ya mtahini, kila nilipovuta noti ndefu ya polepole, ulidundadunda juu ya nyuzi na ukumbi mzima ukasikia. Mwalimu wangu alisema dawa ni mazoezi. Nikapanda kutoka saa mbili hadi sita kwa siku. Mkono ukazidi kutetemeka, usingizi ukanipaa, mwisho nikaogopa hata kufungua kasha la fidla.

Mwanafunzi unayepitia haya, mtazame Sergei Rachmaninoff, mtunzi na mpiga piano wa Urusi. Simfonia yake ya kwanza, utungo mrefu wa okestra, ilipigwa St. Petersburg mwaka 1897 ikaanguka vibaya, naye karibu miaka mitatu akashindwa kutunga chochote kikubwa. Mapema 1900 akaanza kwenda kwa daktari Nikolai Dahl, aliyemtibu kwa mazungumzo na hipnosi, yaani kumtuliza hadi hali ya kama usingizi, kwa miezi kadhaa. Mwaka 1901 konsato yake ya pili ya piano, utungo wa piano na okestra, ikapigwa nzima. Aliitunuku kwa Dahl. Mpiga piano yule hakuwa amepungukiwa na mazoezi!

Mimi nilikwenda kwa mshauri nasaha. Nilimweleza habari za upinde kana kwamba naripoti kasoro ya chombo. Akaniuliza, "Ukikosea noti, nani atakuacha?" Nilinyamaza, kisha nikalia. Kazi yetu ilianzia pale.

Yeye ndiye aliyenishauri kuwapigia watu wachache kwanza: shangazi jikoni, kisha majirani wanne, tena vipande rahisi kuliko uwezo wangu. Mwili ukajifunza taratibu kwamba kutazamwa si kuhukumiwa.

Kuhusu vidonge vya propranolol, ambavyo wanamuziki wengine hupeana nyuma ya jukwaa: hupunguza mbio za moyo, lakini kwa mwenye pumu vinaweza kuua. Usipokee cha mwenzako. Mwone daktari.

Nanyi walimu, nawasihi, mtoto akitetemeka muulizeni analala vipi kabla ya kumuuliza amefanya mazoezi saa ngapi.

Mkono bado hunitetemeka mara mojamoja. Siku hizi, kabla hatujaingia ukumbini, namwambia hivyo mwenzangu tunayesoma naye noti kwenye stendi moja. Juzi naye akaniambia tumbo lake lilikuwa limekaza tangu asubuhi.