Nani Akukamate Ziwani na Porini?

Nimefanya biashara ya samaki kati ya Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na Mbeya mjini kwa miaka mingi, na kwa kipindi nimekaa kwenye kamati ya BMU ya mwalo wetu (ufukwe wa kushushia samaki), kile kikundi cha wananchi kinachosimamia uvuvi kwa kushirikiana na Serikali. Shemeji yangu ni askari wa wanyamapori wa kijiji kule Idodi, Iringa. Kila akija kututembelea mazungumzo yanaishia palepale: sheria za boti, uvuvi na uwindaji zisimamiwe na nani? Wavuvi na majirani wa hifadhi nao huniuliza hilohilo, hasa wakishakamatwa, kwa hiyo leo naandika ninachoamini na ninachoshauri.

Msimamo wangu nautanguliza. Ulinzi wa kila siku uwe mikononi mwa watu wa mwaloni na wa kijijini. Bunduki na mashtaka vibaki kwa Serikali. Anayekamata asiguse fedha ya faini hata shilingi. Na ipo sheria moja ambayo karibu haina mwenyewe huku kwetu, ile ya usalama wa vyombo vya majini. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko zote.

Tazameni nguvu zilivyogawanywa. TANAPA wanalinda hifadhi za taifa kama Ruaha na Kitulo. TAWA, iliyoanza kazi mwaka 2016, ina mapori ya akiba na mapori tengefu. TFS wana misitu, ukiwemo ule wa Mlima Rungwe anakoishi kima aitwaye kipunji. Mwaka 2020 sheria ikawaunganisha katika Jeshi la Uhifadhi, wenye sare, vyeo na silaha. Ukija kwenye uvuvi, unamkuta afisa uvuvi wa halmashauri mwenye kata nyingi na mafuta kidogo, pamoja na BMU wanaojitolea. Vyombo vya majini viko chini ya TASAC, iliyorithi kazi hiyo kutoka SUMATRA. Meli kama MV Mbeya II, yenye nafasi ya abiria 200, ina nahodha mwenye cheti na watu wa kuikagua. Lakini mtumbwi unaotoka Ikombe umejaa vyungu vya Wakisi na akina mama wanaokwenda sokoni Lyulilo, nani anautazama kabla haujaondoka? Tembo ana jeshi zima. Mama wa vyungu hana hata mgambo mmoja wa kumwambia, leo ziwa limechafuka, subiri.

Nianze na uvuvi kwa sababu ndiko nilikokaa.

Mvua zikishika, mbasa huacha ziwa na kupanda mito kwenda kutaga: Kiwira, Mbaka, Lufilyo. Anayetaka kuwamaliza hahitaji hata mtumbwi. Anaziba mdomo wa mto kwa nyavu, anangoja usiku, na asubuhi anatoa samaki wenye mayai tumboni. Wengine wanavuta kokoro, yaani wavu mrefu wa kukokota, ufukweni, wengine wanatumia vyandarua vya mbu vinavyokokota kila kitu hadi vifaranga. Yote hayo yamekatazwa na kila mtu mwaloni analijua hilo. Doria ikitoka Kyela mjini kwa gari, simu inaitangulia, na wakifika wanakuta wazee wanashona nyavu halali huku kokoro likiwa limefukiwa mchangani au limepelekwa shambani kwa mtu. Mgeni hawezi kulipata. Wa mwaloni anajua limelala wapi, na anajua limenunuliwa kwa fedha za nani.

Ndiyo maana siungi mkono wanaosema kazi yote wapewe polisi. Polisi wetu wana kazi yao, wanahamishwa kila baada ya muda, na si haki kumtaka askari aliyefika juzi kutoka bara atofautishe usipa na kifaranga cha samaki mwingine. Nakumbuka tukisimamishwa barabarani na watu waliojitambulisha kuwa ni wa doria, wamevaa kiraia, wakidai roba zetu zote zina samaki wachanga. Zilikuwa na usipa. Usipa ni mdogo kwa maumbile. Hata akizeeka hatakuwa sangara. Niliomba vitambulisho, nikaomba waandike kosa kwenye karatasi na kila mmoja asaini. Baada ya kunong'onezana kidogo wakaturuhusu tuendelee na safari.

Mwaka 2018 maafisa wa Wizara ya Mifugo na Uvuvi waliingia na rula hadi kwenye mgahawa wa Bunge pale Dodoma kupima samaki, na mgahawa ukatozwa faini. Wengi walifurahi kuona sheria inawafikia wakubwa. Mimi nilijiuliza ile rula ingeokoa samaki wangapi kama ingekuwa mwaloni alfajiri, kabla kokoro halijaingia majini. Samaki akishafika kwenye sahani, sheria imechelewa.

Sisemi BMU ni malaika. Udhaifu wao naujua kwa jina na sura. Mwenye kokoro ni mjomba wa mwenyekiti, au ni tajiri ambaye nusu ya wanakamati wanadaiwa naye injini na nyavu. Ukimkamata leo, kesho hupati mkopo, na mwanao hapati nafasi kwenye boti lake. Kwetu kilichosaidia ni kubadilishana: wenzetu wa mwalo wa jirani wanakuja kufanya doria kwetu, sisi tunakwenda kwao, na afisa uvuvi anakuwepo kila mara ili vielelezo vishikwe na mtu mwenye mamlaka kisheria. Mjomba hawezi kumlaumu mpwa wake kwa kazi iliyofanywa na watu wa mwalo mwingine. Kama mna BMU, jaribuni hili kabla ya kuomba kitu kingine chochote wilayani. Sehemu ya mapato ya leseni iandikwe rasmi kwamba ni posho na mafuta ya doria, ili mtu asije akaitafuta posho yake kwenye mifuko ya wavuvi.

Ukisimamishwa ziwani au barabarani, usikimbie, hasa ukiwa majini. Watu wamezama kwa kukimbia kosa dogo ambalo lingeisha kwa faini. Uliza jina, kituo na kosa. Wakichukua nyavu, injini au samaki, dai hati ya kuchukua mali iliyosainiwa mbele ya shahidi, ikiwezekana mtendaji wa kijiji. Makosa mengine yanaweza kufifilishwa, yaani ukakiri na kulipa bila kwenda mahakamani, lakini hata hapo malipo yanapita kwenye namba ya malipo ya Serikali, hii tuliyozoea kuiita kontroo namba. Anayetaka fedha mkononi hakusanyi faini. Piga 113, TAKUKURU, ni bure.

Porini hali ni nyingine, na hapo lazima nieleze kwa nini siwataki wanajeshi wafanye kila kitu, ingawa najua tembo wa Ruaha waliuawa kwa wingi mno miaka ile. Oktoba 2013 ilianzishwa Operesheni Tokomeza, ikihusisha jeshi, polisi na askari wa wanyamapori. Majangili walikamatwa, ndiyo. Lakini wananchi waliteswa, mifugo ikauawa, watu wakafa, na haikupita muda operesheni ikasitishwa. Desemba mwaka huohuo, baada ya taarifa ya kamati ya Bunge, mawaziri wanne walipoteza nafasi zao. Vijijini kumbukumbu hiyo haijafutika, na mtu aliyepigwa na doria hatoi taarifa ya jangili hata akimwona anapita nyuma ya nyumba yake.

Sasa tazama kazi ya shemeji yangu. Vijiji vya Idodi na Pawaga vilitenga ardhi yao kando ya Ruaha, vikaunda jumuiya ya hifadhi inayoitwa MBOMIPA, na vijana wa vijiji hivyo ndio wanaotembea humo. Askari wa namna hii hufundishwa katika chuo cha Likuyu Sekamaganga, Namtumbo. Kazi yao kubwa haina sifa magazetini: kutembea kwa miguu na kutoa mitego ya nyaya. Mtego wa waya haumchagui mnyama. Unamnasa swala, unamnasa fisi, unamnasa na mbwa mwitu. Helikopta haiuoni. Unaonwa na mtu anayejua njia ya wanyama kwenda mtoni na anayeona nyasi zimelazwa vibaya. Huyo ni mtu wa kijiji. Lakini kumtuma kijana huyo mwenye fimbo na simu akakabiliane na kundi lenye bunduki ni kumtoa kafara. Hapo ndipo TAWA na TANAPA waingie kwa silaha zao. Waingie wakiwa wameitwa na wanajua wanakwenda kwa nani, badala ya kusomba kijiji kizima.

Kwa wewe unayeishi kando ya pori, ushauri wangu ni mkali: usinunue nyamapori inayopitishwa usiku kwenye ndoo. Sheria haiulizi kama uliua wewe. Kukutwa na nyara za Serikali ni kosa lenyewe, na watu wamehukumiwa vifungo vya miaka 20. Nimeona familia ikibaki bila baba kwa ajili ya kitoweo cha siku mbili, na nikimfikiria yule mama mpaka leo moyo unaniuma. Tangu mwaka 2020 kuna kanuni za mabucha ya nyamapori. Ukiitamani, nunua huko na utunze risiti. Na kijiji chenu kikiwa kwenye jumuiya ya hifadhi, nendeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji mkaulize mapato yamekuja kiasi gani na yamefanya nini. Mtu akiona zahanati iliyoezekwa kwa fedha za wanyama, hahitaji kuviziwa ili atoe taarifa ya mtego.

Sasa boti. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini unaamka bila kubisha hodi, na mawimbi ya Nyasa si ya mchezo. Upande wa Ludewa milima ya Livingstone inashuka hadi majini. Vijiji vingine havina barabara, ziwa ndiyo barabara yao. Tarehe 20 Septemba 2018, kwenye Ziwa Victoria, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara na watu zaidi ya 200 wakafa. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Kile kilikuwa kivuko cha Serikali, chenye gati na tiketi. Sisi tuna mitumbwi na boti za mbao zinazotoka kwenye kila ufukwe saa za giza.

Mkaguzi mmoja wa mjini hawezi kuwa kwenye fukwe zote. Anayeweza ni BMU, kwa sababu wapo mwaloni kila siku, lakini wengi wao huona chombo kimezidiwa wakanyamaza, wakidhani wao ni wa samaki tu. Wapewe mamlaka ya kuvizuia kwa maandishi. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, mkutano mkuu ukaijadili, kisha ikapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Iseme waziwazi kwamba kiongozi wa zamu wa BMU ana uwezo wa kuzuia chombo kisitoke kikiwa kimejaza kupita alama, hakina majaketi ya kujiokolea au ziwa limechafuka, na kwamba kazi yake ni kuzuia tu, hatozi chochote. Asipokuwa na cha kutoza, hakuna atakayeigeuza zamu kuwa duka. TASAC wabaki kukagua na kusajili vyombo na kuwafundisha hao watu wa zamu.

Majaketi anunue tajiri mwenye chombo, kama anavyonunua nyavu na mafuta, na iwe sharti la kupata leseni. Yasikae nyumbani kwake, maana yatageuka mito ya kulalia. Yakae banda la mwaloni chini ya mtu wa zamu. Mvuvi akitoka jioni anachukua lake na jina lake linaandikwa daftarini pamoja na chombo na upande anakoelekea. Akirudi analirudisha na jina linakatwa. Mkubaliane saa. Sisi tulipendekeza saa tatu asubuhi: jina lisilokatwa ifikapo saa hiyo, boti yenye injini inatoka kumtafuta, na mafuta yake yawe yameshatengwa kwenye bajeti ya BMU, yasianze kuchangishwa siku hiyo.