La Capella ya Barcelona: kilikuwa kikanisa cha hospitali

Je, La Capella, kikanisa cha zamani cha Barcelona, bado kina ibada, na kilikuwa cha wafalme? Hapana, hakina ibada tena, na hakikuwa cha wafalme. Kikanisa hicho cha mtindo wa Kigothi, ujenzi wa zama za kati, kilicho mtaa wa Hospital, eneo la Raval, kilikuwa cha wagonjwa wa Hospitali ya Santa Creu, iliyoanzishwa mwaka 1401 kwa kuunganisha hospitali kadhaa za mji. Leo ni ukumbi wa sanaa ya kisasa chini ya halmashauri ya jiji, na hutoa nafasi hasa kwa wasanii wanaochipukia, wanaochaguliwa kupitia mpango wa Barcelona Producció. Kwa maoni yangu hayo ndiyo matumizi bora ya jengo kama hilo: kuta zimebaki na watu wanaingia.

Kuhusu Gaudí, msanifu wa kanisa la Sagrada Família, anayetajwa pia na hospitali hiyo: ni kweli alifia katika hospitali hiyo, tarehe 10 Juni 1926, siku tatu baada ya kugongwa na tramu. Lakini hakuzikwa hapo, kaburi lake liko Sagrada Família. Wodi za zamani za hospitali sasa ni Maktaba ya Catalunya, na huduma za wagonjwa zilihamia hospitali ya Sant Pau, majengo yaliyosanifiwa na Domènech i Montaner.

Kikanisa cha wafalme ni kingine, Santa Àgata, pale Plaça del Rei, ambacho kiko chini ya makumbusho ya historia ya jiji. Wengi huvichanganya. Ukienda La Capella, angalia kwanza ratiba, maana maonyesho yake ni ya muda.