Muulize Mzee wa Kalibu: Mpasuko kwenye nondo ulianzia wapi?

Swali: Mzee, shikamoo. Mimi ni fundi wa magrili na ringi za nguzo hapa Kibuye, Kisumu. Juzi nilinunua nondo za milimita 12. Nikizikunja, baadhi zinapasuka kwa urefu kama muwa uliokanyagwa. Nyingine zina magamba kama ya samaki ngege. Muuzaji anasema ni kutu tu, nipige brashi. Ni kweli?
*Fundi wa Kibuye*

Jibu: Marahaba, fundi. Si kutu. Kutu hutoka kwa brashi ya waya. Wewe chukua patasi uinue gamba moja. Ukikuta ni ulimi wa chuma uliolalia chuma kingine, hiyo ni kasoro ya kuzaliwa. Kisha kata kipande, kisugue kwa tupa pale ulipokata na ukitazame juani. Mstari mweusi unaoanzia ukingoni kuingia ndani ndio unaokupasukia.

Kabla ya kurudi Nakuru nilifanya kazi miaka 19 kwenye jukwaa la kusubu chuma. Skrapu huyeyushwa, chuma humwagwa kwenye birika, na kutoka hapo hushuka kwenye kalibu, yaani bomba la kukipa chuma umbo, la shaba nyekundu lililozungukwa na maji. Kinakaa humo sekunde 20 hivi. Kikitoka chini kina ganda la unene wa sentimita 1 tu, na ndani bado ni uji wa moto. Sehemu kubwa ya ngozi ya nondo yako huamuliwa katika sekunde hizo. Kikishaganda chote hukatwa vipande, vipande hupashwa moto tena tanurini, na rola huvibana na kuvivuta hadi viwe nondo.

Tuseme birika halikukaushwa vizuri, au skrapu ilinyeshewa. Maji yakigusa chuma kilichoyeyuka huacha haidrojeni ndani yake, na chuma kikiganda gesi hiyo hutoboa vitundu chini kidogo ya ngozi. Sasa piga hesabu nami. Kipande cha mraba cha milimita 100 kwa 100 kina eneo la milimita za mraba 10,000 pale kinapokatwa. Nondo ya 12 ina 113. Maana yake rola zimekivuta karibu mara 88. Kitundu cha milimita 2 kinakuwa mstari wa zaidi ya sentimita 17! Watu hudhani rola hufunga jeraha. Kitundu kilichokwisha kuingia hewa ya tanuri kina kutu ndani, na chuma chenye kutu katikati hakishikani tena.

Magamba ni habari nyingine, na hii inaniuma kwa sababu nilikuwepo. Usiku mmoja tulikuwa na upungufu wa skrapu, tukatia mota nzima nzima za mashine za posho, waya za shaba zikiwa bado ndani. Vipande vilitoka kwenye kalibu vizuri kabisa. Nilivitazama kwa tochi nikaridhika. Kesho yake vilipopashwa moto na kuingia kwenye rola, ngozi ilichanika kama udongo wa Kano wakati wa kiangazi.

Ilikuwa hivi: katika tanuri la kupashia, chuma huungua kwanza na kuwa magamba ya juu, lakini shaba haiungui upesi hivyo. Inabaki na kujikusanya chini ya magamba. Shaba huyeyuka kwa nyuzi 1,085, na tanuri lina zaidi ya 1,100, basi inapenya kati ya chembe za chuma kama maji kwenye nyufa za ukuta. Rola zikivuta, ngozi inaachana. Bati likiwemo, mambo huwa mabaya zaidi. Kilo 2 za shaba katika tani 1 ya chuma zinatosha kuanza kunitia wasiwasi, na mota moja kubwa ina kilo kadhaa. Ikishayeyukia humo huwezi kuichoma itoke, kwa kuwa chuma kitaungua kabla yake. Mahali pa kuizuia ni kwenye lundo la skrapu, kwa mikono ya anayechambua.

Mstari mwembamba wa kwenda na urefu haupunguzi sana nguvu ya nondo ikivutwa moja kwa moja, lakini ringi na ndoano ni mikunjo mitupu. Usizitumie. Mrudishie muuzaji pamoja na kile kipande ulichosugua, na umwonyeshe kwenye jua.

Swali: Mzee, mwalimu ametuambia kalibu ni ya shaba. Mbona haiyeyuki, na chuma kina nyuzi 1,500?
*Mwanafunzi wa chuo cha ufundi, Kakamega*

Jibu: Swali zuri, mwanangu. Shaba hupitisha joto mara kadhaa zaidi ya chuma, na nyuma yake maji yanakimbia kwa kasi, kwa hiyo joto halipati nafasi ya kutulia. Ukuta wake hubaki kwenye nyuzi mia mbili au tatu hivi. Kalibu pia hupanda na kushuka ili ganda lisinate ukutani. Mjerumani Siegfried Junghans alipata hataza ya jambo hilo mwaka 1933. Kila mpigo huacha alama kama mkunjo wa ngozi. Alama za kina kifupi hazina neno. Zikiwa na kina, nyufa huanzia hapo.

Na kumbuka ya fundi wa Kibuye. Upande wa ndani wa kalibu hupakwa kromiamu, kwa sababu kromiamu hiyo ikilika pale chini, chuma huikwangua shaba, shaba hupenya kwenye ngozi ya chuma kama ile ya mota, na utaona nyufa zenye umbo la nyota. Ukipata nafasi ya kutembelea kiwanda, omba kuona kalibu iliyostaafishwa, uitie kidole kwa ndani karibu na mdomo wa chini.