Jibu: Kikundi kinaweza kushtaki wachimba mchanga?
Ndugu wa Chamwino, Dodoma, umeuliza kama kikundi chenu cha mazingira kinaweza kuwashtaki wanaochimba mchanga korongoni ilhali mashamba si yenu. Mnaweza. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuzuia madhara hayo, hata kuomba eneo lirekebishwe. Shikeni hapo. Njia ya haki za kikatiba imekuwa ngumu: mabadiliko ya 2020 yalimtaka mlalamikaji aeleze kwa kiapo alivyoathirika yeye binafsi. Hili liliniuma, maana korongo halina wa kuliapia. Kwa tahadhari, unganeni na mwanakijiji ambaye ukingo wa shamba lake la uwele umemeguka. Pigeni picha sasa, kabla ya mvua. Mkiishtaki Serikali, notisi ya siku 90 kwanza.