Shangazi, niache kazi nilee watoto?

*Shangazi, nina watoto wawili. Wa miaka 6 yuko shule ya serikali, mdogo ana miezi 10. Tunaishi jiji kubwa, ndugu wote wako mbali. Nikilipa kituo cha kulelea mdogo, mtu wa kumpokea mkubwa akitoka shule, na nauli, mshahara wangu unabaki robo. Mume wangu anasema niache kazi kwa sababu "namfanyia kazi mwenye kituo". Sitaki kuacha, ila hesabu inampa haki. Nifanyeje?*
*Mama Robo Mshahara*

Mwanangu, karatasi ya hesabu uliyoambatanisha nimeisoma mara mbili. Juu umeandika "mshahara wangu", kisha ukaanza kutoa: kituo, wa kumpokea mkubwa, nauli. Jibu umelizungushia duara hadi kalamu ikakaribia kutoboa. Mshahara wa baba yao nimeutafuta mbele na nyuma ya karatasi, haupo. Kwani hao watoto ulikuja nao?

Sikudanganyi, ukiacha kazi leo nyumba inapoteza hiyo robo tu kwa mwezi. Ila mmepiga hesabu ya mwezi mmoja, tena katika mwaka ulio ghali kuliko yote. Mtoto mchanga ana gharama kwa sababu mlezi mmoja hawezi kubeba wengi. Uingereza, kwa mfano, kanuni zinataka mlezi mmoja kwa watoto 3 walio chini ya miaka 2. Wakitimiza miaka 3, mlezi huyo huyo anaweza kuangalia 8. Mshahara wake mnaugawana wazazi watatu leo, kesho mtaugawana wengi zaidi. Baadaye mdogo naye ataingia shule, na kazi uliyoiacha haitakuwa imekaa ikikusubiri.

Mimi niliacha, miaka mitatu. Niliporudi kuomba kazi, aliyenihoji alikuwa binti niliyemfundisha kazi mwenyewe. Alinikaribisha chai kwa heshima zote, na mshahara alionitajia ulikuwa mdogo kuliko niliouacha.

Tuje kwa huyo mkubwa. Shule ni ya bure, lakini kengele inalia mchana na ofisi inafungwa jioni, na likizo za shule hazifanani na za kwako. Hapo katikati ndipo pesa inapovujia. Uliza shuleni kama wana utaratibu wa watoto kubaki baada ya masomo. Tafuta mzazi mmoja wa darasa lake mpokezane siku. Halafu mwambie mumeo aombe kazini kwake kutoka mapema siku mbili kwa wiki. Katika barua nzima sijaona mahali ulipoandika kwamba ameshawahi kuomba.

Usijione umeshindwa maisha; mzigo huu kwingine wazazi hawakuachiwa peke yao. Quebec, Kanada, mwaka 1997 ilianza kuwatoza wazazi dola 5 kwa siku kwa mtoto, serikali ikabeba kilichobaki, na akina mama wenye watoto wadogo wakaongezeka makazini. Jiji la New York nalo kuanzia 2014 lilipanua madarasa ya bure ya kutwa kwa watoto wa miaka 4. Kwa hiyo nenda halmashauri ukaulize kama kuna ruzuku ya malezi au vituo vya umma. Ukikuta foleni, mwandikishe mdogo siku hiyo hiyo, hata kama nafasi ni ya mwakani.

Kama kazi yenyewe unaichukia, niandikie barua nyingine, hiyo ni habari tofauti. Na mkikubaliana mmoja abaki nyumbani, akiba yake ya uzeeni iendelee kuwekwa kila mwezi, kwa jina lake, kutoka mshahara wa anayekwenda kazini. Mwulize mumeo kama sharti hilo analikubali, kisha umsikilize anavyojibu.

Jumamosi watoto wakilala, toa karatasi mpya. Kalamu mpe yeye. Aanze na mishahara miwili juu, na hesabu iende hadi mwaka ambao mdogo ataingia darasa la kwanza.

Shangazi