Mbunge kauliza, Waziri kajibu: mbona mafao ya baba bado ni pungufu?

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni msomaji wako wa Igoma, Mwanza. Baba yangu amestaafu kutoka mamlaka moja ndogo ya maji hapa Kanda ya Ziwa. Alikuwa mwanachama wa LAPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali za mitaa, na mifuko ilipounganishwa akaingia PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, pamoja na wenzake. Alipoletewa hesabu ya mafao tukakuta miezi 24 haimo: mshahara ulikatwa, lakini mchango haukufika kwenye Mfuko. Mamlaka inasema ilikuwa haina fedha kwa sababu taasisi za Serikali hazilipi ankara za maji. Mbunge wetu aliuliza bungeni, akajibiwa kwamba Serikali inalitambua deni hilo, uhakiki unaendelea na litalipwa kadiri ya upatikanaji wa fedha. Jibu kama hilo lina uzito gani kihesabu? Tumwombe mbunge aulize nini tena? Na mama mdogo yuko Ukerewe, ruzuku yake ya kaya maskini kutoka TASAF inachelewa. Ni tatizo lilelile?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na fedha ya baba, kwa sababu watu wengi husikia "michango haijawasilishwa" bila kujua inamtoa mstaafu kiasi gani mfukoni.

Mafao ya PSSSF huanza kwa kuchukua idadi ya miezi aliyochangia mtumishi, kuigawa kwa 580, kisha kuzidisha kwa wastani wa mshahara wake wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora. Kinachopatikana ndicho pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake hulipwa kwa mkupuo, yaani mara moja anapostaafu, baada ya kuzidishwa kwa 12.5, na sehemu inayobaki hugawanywa kwa 12 ikawa pensheni ya kila mwezi. Tangu Julai 2022 mkupuo ulikuwa asilimia 33 kwa wote. Katika bajeti ya Juni 2024 Serikali ikatangaza kuupandisha hadi asilimia 40 kwa kundi ambalo zamani lilikuwa likipata 50, na hadi 35 kwa kundi lililokuwa likipata 25. Waliotoka LAPF wamo kwenye kundi la kwanza.

Hukunitajia mshahara wa baba, kwa hiyo nitatumia mfano wa mtumishi aliyekuwa akipata Sh. 800,000 kwa mwezi, yaani Sh. 9,600,000 kwa mwaka, aliyefanya kazi miaka 30. Miezi yote 360 ikihesabiwa, kwa ile asilimia 40, mkupuo wake ni karibu Sh. 29,793,000 na pensheni ni karibu Sh. 297,900 kwa mwezi. Ukitoa miezi 24, mkupuo unashuka hadi Sh. 27,807,000 na pensheni hadi Sh. 278,100. Karibu milioni mbili zimeondoka siku ya kwanza, na karibu Sh. 19,900 zitaendelea kuondoka kila mwezi kwa muda wote atakaoishi. Milioni mbili inauma, lakini mimi inaniuma zaidi hiyo 19,900, kwa sababu haina siku ya kwisha.

Kumbuka pia mchango ni wa nani. Katika PSSSF mchango ni asilimia 20 ya mshahara: mwajiri anatoa 15, mtumishi anakatwa 5. Ile tano ni jasho la baba, na ilikwisha kuwa yake kabla ya kukatwa. Mwajiri aliyeikata akaitumia kununulia umeme wa pampu ametumia fedha ya mtu mwingine, hata kama wananchi walipata maji siku hiyo. Hilo silipunguzii makali.

Sasa tuje kwenye mamlaka yenyewe, ambako ndiko majibu mengi ya bungeni hupotelea. Kutoa maji ziwani ni kazi ya umeme. Anayeufahamu mji wetu anajua maji ya Capri Point na Butimba hayapandi yenyewe kwenda kwenye milima ya mawe. Yanasukumwa hadi kwenye matangi, na kila hatua ina mita ya TANESCO. Miji midogo ya kando ya ziwa ina mzigo huohuo na wateja wachache zaidi wa kuubeba. Juu ya umeme kuna dawa za kutibu maji, mabomba yanayopasuka, mishahara, na maji yanayovuja au kuibwa kabla ya kufika kwenye mita. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, inavumilia upotevu wa hadi asilimia 20, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimerudia kutaja mamlaka zinazovuka kiwango hicho.

Katika hali hiyo, ukiwa na wateja wakubwa ambao ni taasisi za umma na hawalipi, umekwama. Taasisi hizo hulipia maji na umeme kutoka fungu la Matumizi Mengineyo, yaani fedha za uendeshaji zisizo za mishahara. Bunge linaidhinisha kiasi fulani, lakini Hazina inatoa kulingana na makusanyo, na mara nyingi kinachofika ni pungufu. Mkuu wa taasisi akipata nusu ya alichotarajia, atalipa kwanza chakula cha mahabusu au mafuta ya gari la wagonjwa, na ankara ya maji itasubiri. Anajua vilevile kwamba meneja wa maji atasita kukata huduma kwenye gereza, hospitali au kambi. Mita za malipo ya kabla zingeondoa sehemu kubwa ya ugonjwa huu, maana taasisi ingelazimika kulipa kwanza kama sisi tunavyonunua umeme wa LUKU.

Kuna jambo moja la kihasibu ambalo natamani kila mbunge angelijua. Mamlaka huandika mapato pale ankara inapotolewa, hata kama fedha haijaingia. Ikiiandikia kambi ankara ya milioni 40, vitabu vinaonyesha mapato ya milioni 40 wakati benki hakuna kitu, sawa na duka linalokopesha hadi daftari linajaa majina na droo haina hela ya kurudisha chenji. Viwango vya uhasibu vinataka deni lililokaa muda mrefu litengewe hasara, lakini wako wanaoona uzito kuandika kwamba Serikali yenyewe haitalipa. Ndiyo maana mamlaka inaweza kufunga mwaka na ziada kwenye vitabu huku michango ya watumishi ikiwa haijapelekwa. Mbunge akiuliza "mamlaka imekusanya mapato kiasi gani?" atapewa tarakimu nzuri, na kila mtu ataondoka ukumbini akidhani mambo ni shwari. Aulize fedha taslimu iliyoingia, na aulize umri wa madeni: kiasi gani kimekaa zaidi ya mwaka, na ni kwa nani.

Kuhusu jibu mlilopewa, lisome kipande kwa kipande. "Serikali inatambua" ni kukiri kwamba jambo lipo, bila kutaja kiasi. "Uhakiki unaendelea" kina maana zaidi kidogo: madai ya Serikali hupitiwa na wakaguzi wa ndani ili kuondoa ankara zilizorudiwa, zisizo na vielelezo au za uongo. Ni kazi halali, na nimeona madai yakipungua sana baada ya kuhakikiwa. Lakini uhakiki huwa na mwanzo na mwisho, na huishia kwenye orodha yenye tarakimu. Usiokuwa na tarehe ya kumalizika ni njia ya kuahirisha. "Kadiri ya upatikanaji wa fedha" maana yake ni kwamba hakuna kasma, yaani kifungu cha fedha kwenye bajeti, ambayo Waziri yuko tayari kuitaja. Kwa hiyo, kihesabu, jibu lote halijamsogeza baba yako hata shilingi moja. Faida yake ni kwamba limeingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard. Serikali imekiri kwa maandishi kwamba deni lipo, na hapo pana pa kushika.

Usikate tamaa ukadhani maswali hayazai kitu. Kabla ya Julai 1999 watumishi wengi wa Serikali hawakuwa wakichangia pensheni. Ilikuwa ikilipwa na Hazina. PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi hao, ilipoanza ikabebeshwa kuwalipa hata kwa miaka ile ambayo haikuwa na mchango. Pengo likakua, likaingia kwenye ripoti za CAG mwaka baada ya mwaka, wabunge wakaliuliza kwenye vikao na kwenye kamati. PSPF, LAPF, PPF na GEPF zilipounganishwa kuwa PSSSF Agosti 2018, pengo likahamia kwenye mfuko mpya. Desemba 2021 Serikali ikatoa hatifungani maalumu isiyo taslimu, yaani hati ya ahadi ya kulipa, ya Sh. trilioni 2.17 kwa PSSSF. Haikuwa deni lote, wala haikuwa fedha mkononi siku hiyo, lakini ilikuwa hati yenye kiasi na ratiba ya malipo. Kutoka "inatambua" hadi hati: hiyo ndiyo safari ambayo swali la bungeni linapaswa kuisukuma.

Pengine utauliza ubaya wa kuchelewa uko wapi ikiwa mchango utalipwa siku moja. Mfuko huwekeza. Jengo la Rock City Mall pale Ghana, Ilemela, lilijengwa na LAPF kwa ubia na Jiji la Mwanza, na michango ya watu kama baba yako ilikuwa humo. Mchango uliochelewa miaka miwili umekosa miaka miwili ya kuzaa, na thamani yake imeliwa na bei za sokoni. Sheria ina tozo kwa mwajiri anayechelewesha, lakini tozo nayo inageuka deni jingine juu ya mamlaka isiyo na hela.

Kosa la swali la kwanza la mbunge wenu, kwa nilivyoelewa, ni kwamba lilipelekwa Wizara ya Maji peke yake, likajibiwa kama jambo la maji. Deni hili lina milango mitatu: maji, fedha, na waziri mwenye dhamana ya kazi, ambaye mifuko ya hifadhi ya jamii iko chini yake. Ibara ya 63 ya Katiba inampa mbunge haki ya kumuuliza Waziri yeyote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Aanze na aliyeshika hela, yaani Waziri wa Fedha. Na asiishie ukumbini. Kipindi cha maswali ni kifupi, lakini Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, hukaa na maofisa masuuli, yaani wakuu wanaowajibika kwa fedha za taasisi, ikiwa na ripoti ya CAG mezani, na huko mtu anaulizwa hadi mwisho. Ripoti hizo huwasilishwa bungeni kila Aprili, na moja yao ni ya mashirika ya umma, ambamo mamlaka za maji zimo.

Suala la mama mdogo nalitenga. Ruzuku ya TASAF haitokani na mchango. Ni fedha ya Serikali pamoja na wafadhili, Benki ya Dunia ikiwa mmojawapo, na hulipwa kwa awamu za miezi miwili miwili. Hakuna mwajiri aliyemkata. Aanze na mratibu wa TASAF wa halmashauri, aulize mambo mawili tu: je, awamu hiyo imelipwa kwa wengine kijijini? Na je, majina na namba ya simu aliyoandikisha vinalingana na kitambulisho chake cha NIDA? Ikiwa wengine wamelipwa, tatizo ni taarifa zake. Ikiwa kijiji kizima hakijalipwa, hapo mbunge aulizwe.

Kwa upande wenu, kusanyeni slipu za mshahara za miezi yote 24 zinazoonyesha makato, pamoja na taarifa ya michango kutoka PSSSF inayoonyesha mapengo. Andikeni barua kwa Mfuko mkidai mapunjo ya mafao, nakala kwa mwajiri, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri mahakamani. Mstaafu hapaswi kuibeba kesi hiyo peke yake. Mkitaka orodha ya taasisi zinazodaiwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu raia kuomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Mpeni mbunge karatasi hizo zote. Mbunge mwenye slipu mkononi hajibiwi kama mbunge mwenye malalamiko.

Swali lenyewe ningeliandika hivi: "Je, hadi tarehe 30 Juni mwaka uliopita, kila taasisi ya Serikali ilikuwa inadaiwa kiasi gani na mamlaka hiyo ya maji, na katika deni hilo ni kiasi gani kimehakikiwa? Na je, ni miezi mingapi ya michango ya watumishi ambayo haijawasilishwa PSSSF, na ni kasma ipi ya bajeti ya mwaka huu iliyotengewa malipo yake?"

Jibu likirudi tena na "uhakiki unaendelea", mbunge ana nafasi ya nyongeza palepale. Atumie ya kwanza kuuliza uhakiki ulianza lini na utakamilika tarehe gani. Ya pili aulize kama Serikali iko tayari kukata deni la maji moja kwa moja kwenye Matumizi Mengineyo ya taasisi husika na kulipeleka PSSSF kwa majina ya watumishi waliokatwa, ikianza na wale ambao wamekwisha kustaafu.