Jumamosi za Columbus: mpira wa chuo, watoto watatu na simu ya mama

Wiki iliyopita baada ya ibada, binti mmoja aliyehamia Columbus mwaka huu alinivuta pembeni. Ameanza kupenda mpira wa Kimarekani wa Ohio State, timu ya chuo kikuu cha hapa, ana watoto wawili wadogo, anafanya kazi ya zamu, na nyumbani kwake Jumamosi zimegeuka siku za kununiana. "Dada, wewe unawezaje?" Nilimjibu kwa ufupi pale mlangoni kwa sababu watoto walikuwa wanalia njaa. Jibu kamili ni hili, na ninaliandika kwa ajili yake na wengine walio kwenye hali kama yake.

Kwetu Tanga, Oktoba na Novemba ni miezi ya vuli. Mvua zinanyesha, watu wanapanda. Hapa Ohio miezi hiyohiyo majani yanapukutika, giza linaingia mapema, shule zimeshika kasi, watoto wanaambukizana mafua, na kila Jumamosi mji unavaa nyekundu na kijivu, rangi za timu. Nilifika Agosti 2012 nikimfuata mume wangu aliyekuwa anasoma. Jumamosi moja Septemba nilitoka kwenda sokoni mchana nikakuta barabara tupu kana kwamba kuna msiba wa kitaifa. Watu walikuwa uwanjani. Uwanja wa Ohio ulifunguliwa mwaka 1922 na unaingiza zaidi ya watu 100,000. Ule wa Benjamin Mkapa unaingiza 60,000. Na wanaocheza ni wanafunzi wa chuo.

Kupenda timu sikujifunzia hapa. Marehemu baba alikuwa mtu wa Coastal Union, Wagosi wa Kaya, na hadi anazeeka alikuwa anausimulia ubingwa wa 1988 kama jambo la juzi. Alinipeleka uwanja wa Mkwakwani nikiwa mdogo. Kwa hiyo mwenzangu wa kazini aliponieleza kwamba Michigan na Ohio State ni watani wa jadi, na kwamba wiki ya mechi yao herufi M kwenye vibao vya chuoni inapigwa msalaba kwa utepe mwekundu, sikuhitaji maelezo zaidi. Nilijua ni Simba na Yanga. Januari 2015 Ohio State walipochukua ubingwa wa taifa wakiongozwa na Cardale Jones, mchezaji aliyeanza msimu akiwa wa tatu kwenye foleni ya nafasi yake, nilikuwa nimekaa sebuleni peke yangu saa sita usiku nikimnyonyesha kifunguamimba wangu, machozi yananitoka. Tangu siku ile ni timu yangu.

Nayasema haya kwa sababu ushauri mwingi anaopewa mama mwenye watoto ni kuacha. Acha mpira, acha kwaya, acha kusuka nywele kwa saa tano, watoto kwanza. Mimi sikubaliani nao. Watoto wangu wanamwona mama anayependa kitu kwa moyo wote, na hilo ninataka walione. Shida iko mahali pengine, na ilinichukua miaka kuiona.

Kwanza elewa ukubwa wa kitu unachokiingiza nyumbani. Msimu wa kawaida una mechi 12, kuanzia mwisho wa Agosti hadi Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Mechi ni robo nne za dakika 15, lakini saa ya uwanjani inasimama mara kwa mara, kwa hiyo dakika 60 zinakula saa tatu na nusu za maisha yako. Dakika mbili za mwisho peke yake zinaweza kuchukua robo saa. Halafu saa ya kuanza haijulikani mapema kwa mechi nyingi. Vituo vya televisheni ndivyo vinavyochagua, na tangazo linatoka siku 12 kabla, mara nyingine siku 6 tu. Ukimwahidi mtu kitu cha Jumamosi ya mwezi ujao bila kulikumbuka hili, umejifunga kamba mwenyewe.

Sisi tunakaa mezani mwezi Agosti, ratiba ya kazini kwangu hospitali inapotoka, na kalenda kubwa ya karatasi. Anaanza mtoto wa kati, kwa sababu mechi zake za soka ziko Jumamosi asubuhi na hazihamishiki. Dada yake anaandika maonyesho ya muziki shuleni. Mume wangu, mtu wa Simba aliyejiongezea ligi ya Uingereza, anaandika zake, ambazo kwa bahati nyingi zinachezwa sisi tukiwa kwenye chai. Zamu zangu zinaingia. Kanisa linaingia. Mwisho kabisa nachagua mechi tatu, na hizo tatu ni zangu. Siku hiyo mimi sipiki, sipeleki mtoto popote, siulizwi soksi ziko wapi.

Mechi tatu kati ya 12 zinaonekana chache. Jaribu. Utagundua kwamba mechi nyingi ulikuwa unaziangalia kwa mazoea tu. Mwaka 2024 walifungua msimu na Akron wakashinda 52 kwa 6. Mechi ya namna hiyo unaisikiliza redioni ukiwa unaendesha gari kutoka kwenye soka ya mtoto, na hujapoteza kitu. Zilizobaki tunaziangalia pamoja na vurugu zake zote, mtoto anapita mbele ya televisheni, mimi nakunja nguo. Kosa ni kuzipa zote uzito wa Michigan.

Nilidhani kwa kalenda ile nimemaliza. Mwaka 2024 nilichagua Oregon, Penn State na Michigan.

Penn State ilikuwa Jumamosi ya tarehe 2 Novemba, ugenini, saa sita mchana. Wiki hiyo mama mdogo alikuwa ametoka Pangani kuja kumtembelea mama, na hakuwa ameniona tangu niondoke. Nilimwambia mama nitapiga simu ya video saa mbili usiku ya kwao. Hapa ingekuwa saa saba mchana. Wakati naahidi sikuona shida, nikajiambia nitapiga katikati ya mechi, wakati wa mapumziko. Saa saba ikafika, tukawa robo ya pili. Mapumziko yakaja, yana dakika 20, na hizo zikaisha nikimbadilisha kitindamimba aliyejimwagia juisi. Nikasema robo ya tatu ikiisha. Robo ya nne Penn State wakafika yadi tatu kutoka mstari wa goli, wana majaribio manne ya kusawazisha. Ohio wakayazuia yote manne, wakashinda 20 kwa 13. Nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka.

Nilipopiga, Tanga ilikuwa imepita saa nne na nusu usiku. Mama alipokea kwa kunong'ona. "Mama mdogo amelala, alisubiri mpaka akachoka. Nilimwambia hospitali leo mmezidiwa na wagonjwa. Pole na kazi, mwanangu."

Nilisema asante. Sikuweza kusema kitu kingine. Mama yangu, mwenye miaka zaidi ya sabini, alikuwa amenitungia udhuru mbele ya dada yake, na mimi nimekaa kwenye kochi na fulana nyekundu. Mama mdogo alirudi Pangani asubuhi yake bila kuniona. Wiki iliyofuata nilimwambia mama ukweli wote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ungeniambia tu una mpira. Baba yako alikuwa na mpira, nilikuwa najua saa zake."

Mdogo wangu, maneno hayo ndiyo yaliyonifundisha zaidi ya kalenda. Kila mtu wa nyumbani kwangu alikuwemo kwenye ile karatasi, isipokuwa aliye mbali. Na mechi haikuwa imemuumiza. Kilichomuumiza ni kuachwa akisubiri kwa sababu nilikuwa na aibu ya kusema saa zangu. Nilikuwa nafanya hivyohivyo na wengine: "robo hii ikiisha," "dakika tano," simu chini ya meza kwenye kikao cha harusi nikichungulia matokeo huku naitikia kwa kichwa. Mtu anayekusubiri hana namna ya kujua robo inaisha lini. Hata wewe hujui.

Siku hizi nataja saa kamili, na natoa ile mbaya zaidi. Mechi ikianza saa sita, nasema nitakuwa huru saa kumi. Ikiisha mapema, wamepata zawadi. Mama tunaongea Jumamosi saa tatu asubuhi ya hapa, kabla ya mechi yoyote, na imeandikwa kwenye kalenda kwa wino uleule wa mechi za soka. Wenzangu wa diaspora, hapa angalieni: saa tatu yetu ni saa kumi jioni Tanga, hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Siku hiyo Marekani inarudisha saa nyuma, nyumbani hawarudishi, na tofauti inatoka saa saba kwenda nane. Saa tatu inakuwa saa kumi na moja ya kwao. Kila mwaka kuna mzee mahali fulani anashika simu kwa saa nzima kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mpigie Ijumaa umkumbushe.

Kuhusu watoto, usiwaburute kwenye saa tatu na nusu za kitu wasichokielewa. Wape kipande chao. Binti yangu anajifunza tromboni, kwa hiyo cha kwake ni bendi ya chuo. Saa mbili hivi kabla ya mechi ya nyumbani, bendi inapiga kwenye ukumbi wa St. John Arena karibu na uwanja, kikao kinachoitwa Skull Session, na kuingia ni bure. Wachezaji wenyewe wanapita humo wakielekea uwanjani. Tiketi za mechi kwa familia ya watu watano ni pesa ya kodi ya nyumba, lakini hapo watoto wanapata kelele, tarumbeta na kumwona mchezaji kwa macho bila senti. Tunasikiliza, tunakula mishkaki na maandazi nyuma ya gari, tunarudi nyumbani kuangalia mechi. Mwaka mmoja mgonjwa wangu wa zamani alitununulia tiketi mbili, nikaenda na binti. Bendi inaandika neno Ohio uwanjani kwa kutembea, wamefanya hivyo tangu 1936, na mwishoni mpigaji mmoja wa lile tarumbeta kubwa la kuvaa mwilini anatoka kwa madaha kwenda kuwa nukta ya herufi i. Binti alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. Hajui nani alishinda siku ile.

Chakula napika Ijumaa usiku. Pilau ikilala inanoga zaidi, na kachumbari mtoto wa miaka tisa anaweza kukata.

Kuna pia suala la kufungwa, na hili wengi hawalisemi. Tarehe 30 Novemba 2024, siku mbili baada ya Sikukuu ya Shukrani, nyumba ikiwa bado na wageni, Michigan walikuja hapahapa Columbus wakatufunga 13 kwa 10. Ilikuwa mara ya nne mfululizo. Mtoto wangu wa kati alilia, na mimi nilikuwa karibu kumjibu mtu vibaya kuhusu sahani. Niligundua kwamba anachokiangalia si televisheni tena, ananiangalia mimi aone tunafanyaje. Nikachukua reki mbili, tukatoka nje tukakusanya majani mpaka giza likaingia, hatuongei. Tuliporudi ndani aliniuliza kama maandazi yamebaki. Tangu hapo ndiyo desturi yetu: tukifungwa, tunatoka nje kufanya kazi ya mikono, na hakuna anayesemeshwa kwa ukali kwa ajili ya mpira.

Msimu ule haukuishia hapo. Kuanzia mwaka huohuo timu 12 zinaingia kwenye mtoano badala ya nne, Ohio State wakaingia, wakashinda tatu mfululizo, na tarehe 20 Januari 2025 wakawafunga Notre Dame 34 kwa 23 Atlanta wakachukua ubingwa. Kwa mpangaji wa kalenda hii ina maana kwamba Novemba si mwisho tena, kwa hiyo acha nafasi ya Desemba na Januari, na uwaambie watu wako mapema. Fainali ilianza saa moja na nusu usiku wa Jumatatu. Tanga ilikuwa saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Jumanne.

Asubuhi yao nilipopiga, mama alipokea kabla mlio wa pili haujaisha. Hata shikamoo yangu hakuingoja. "Wale watoto wako wamechukua?" Nikamwambia wamechukua. Akacheka, akaita mtu uani, nikamsikia anasema Coastal ya huko kwa binti yake wamekuwa mabingwa. Siku hizi ananiuliza mwenyewe kila Agosti watani wetu tunacheza nao tarehe ngapi, anaiandika nyuma ya kalenda yake ya ukutani, na Jumamosi hiyo hanitarajii hadi kesho yake.